Nyota ya Walioketi Jukwaani

Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Sadiki, na mie nilicheka msibani. Nasema mwenyewe mapema, msije mkaambiwa na watu. Nilikuwa nimeketi mkekani na akina mama wenzangu chini ya turubai, magoti yananilalamikia kama kawaida yao, na kijana mmoja mwenye kipaza sauti anasoma wasifu wa marehemu: alisoma wapi, alifundisha wapi, alivyokuwa mwalimu mkuu wetu kule Temeke, alivyopanda cheo mpaka wakaguzi wakawa wanamwamkia. Halafu kijana akavuta pumzi, akasema, "Na wengi wenu mtamkumbuka kwa ile nyota kubwa ya wanafunzi, aliyoibuni kwa akili yake mwenyewe, ikawapendeza wageni wote." Kicheko kikanitoka bila kuniomba ruhusa. Mama aliyekuwa ubavuni kwangu akanifinya paja. "Bibi we, maiti hajatoka ndani unacheka?" Nikamwambia nakohoa. Akanipa maji, maskini, nikayanywa. Wanasema maiti hasemwi. Haya, sitamsema maiti. Nitamsema mtu aliyekuwa mzima, anakula anashiba, katika mwaka ambao mie nilikuwa msichana mwenye nguvu zangu na nilidhani jiometri itamwokoa mtoto wa watu.

Mwaka ule nilipanga chumba kwa Bi Tatu, nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa, vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, na uani ndiko maisha yote yalikokuwa: mafiga, mtungi wa maji, kamba ya nguo na mpapai mmoja ambao sikuwahi kuona tunda lake likiiva kabla halijaibwa. Kuta za nyumba zile hazikufika kwenye paa. Ulikuwa na kitanda chako cha kamba, taa yako ya chemli na komeo la kufungia mlango, lakini maneno yalikuwa ya nyumba nzima. Mtu akipiga chafya chumba cha mwisho, wa chumba cha kwanza anamwombea. Asubuhi Bi Tatu alinigongea na bakuli la mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi yenye mdalasini. "Kula mwalimu, ubao hauandikiki na njaa." Nikijifanya nimeshiba ananiuliza kama kwetu mihogo wanapewa ng'ombe. Nimekula mihogo mingi tangu siku zile, katika nyumba za heshima na sahani za kigeni, na hakuna uliolainika mdomoni kama ule.

Binti yake, Chiku, alikuwa darasani kwangu, darasa la saba. Jina lilikuwa la ndege mwenye maneno mengi, lakini mwenyewe alikuwa mtoto wa kimya, mrefu, anatembea ameinamisha kichwa kama aliyeangusha sindano. Shuleni aliniita mwalimu, nyumbani aliniita mwalimu, na nikiwa naoga bafuni alisimama nje na kuuliza, "Mwalimu, pembetatu inaweza kuwa na pembe mbili butu?" Namjibu nikiwa na sabuni machoni. Bi Tatu anampigia kelele kutoka jikoni, "We Chiku, muache mwenzio aoge!" Nami nilipenda. Mwalimu kijana hupenda kuulizwa kuliko kulipwa, ndiyo maana serikali zote duniani zinatuweza.

Kila Ijumaa baada ya swala alikuja shangazi yake Chiku, dada wa baba, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Mie niko kitandani nasahihisha madaftari, wao chumba cha pili wanakula ubwabwa kwa samaki wa kupaka, na ukuta haufiki juu. "Tatu, mtoto amevunja ungo zamani. Unamtembeza nje mpaka lini? Mwali anaanikwa kama dagaa?" Bi Tatu anajibu chini chini, "Wifi, baba yake kasema amalize mtihani." Kisha nikamsikia Mzee Rajabu mwenyewe, mumewe, kuli wa bandarini, mtu ambaye maneno yake kwa wiki nzima yangeenea kwenye kiganja. "Nimesema mara moja, dada. Akifaulu, anakwenda sekondari na mtu asinisemeshe. Asipofaulu, njoo umchukue umweke ndani, na mie sitakuwa na neno." Kwa asiyejua desturi za Wazaramo za siku zile, mwali akiwekwa ndani haendi shule, haendi sokoni, jua halioni. Anakaa na kungwi wake, anafundwa, miezi inapita. Siku akitolewa kwa ngoma na vigelegele, mara nyingi mume ameshapatikana. Mie sikuidharau desturi yenyewe, wapo waliofundwa humo wakawa wanawake wa maana kuliko sie tuliofundwa chuoni. Lakini nilimjua Chiku. Nilijua kilichokuwa kichwani mwake, na nilijua mlango mmoja tu ulikuwa wazi.

Basi jiometri. Shule yetu ilikuwa na bikari moja ya ubaoni, ya mti, mguu mmoja umekatika ukafungwa kwa mpira wa baiskeli. Ukichora nayo duara, mstari unarudi ulikoanzia umepishana kama mlevi anayetafuta mlango wake. Hesabu zilikuwa zimehamia Kiswahili siku si nyingi, na maneno mengine nilikuwa nayasoma kwa mara ya kwanza mbele ya watoto. Nilipowaambia katikati ya duara panaitwa kitovu, darasa zima lilishika matumbo, na mimi nikacheka nao. Tulikuwa hatuna vipimapembe, hatuna rula za kutosha, kwa hiyo nikavua khanga yangu ya begani. Nikawaonyesha: kunja pindo juu ya pindo, kunja tena, tazameni kona. Hii ndiyo pembe mraba, nyuzi tisini, mama zenu wanaikunja kila siku. Mistari sambamba niliwaonyesha kwenye ukili wa mkeka. Watoto ambao tangu Januari walikuwa wananiangalia kama ukuta wakaanza kunyoosha vidole. Chiku akauliza, "Mwalimu, kama khanga imekatwa kombo dukani?" Nikamwambia kunja uone. Akaokota kipande cha gazeti kilichochanika ovyo ovyo, hakina upande hata mmoja ulionyooka. Akakikunja. Akakikunja tena, mkunjo juu ya mkunjo. Akakifungua, na katikati ya uchafu ule kulikuwa na pembe nne, zote sawa. "Kumbe haitoki kwenye khanga," akasema. "Inatoka kwenye kukunja." Nimefundisha mpaka nimestaafu, na wanafunzi walioliona hilo bila kuambiwa nawahesabu kwa vidole, na vidole vinabaki.

Halafu ikaja habari ya mgeni. Wazazi walikuwa wamejenga madarasa mawili kwa nguvu zao wenyewe, Jumapili baada ya Jumapili, wanaume wanafyatua matofali, wanawake wanasomba maji, na sasa mkubwa mmoja angekuja kuyafungua. Mwalimu Sadiki akaniita ofisini. Alikuwa mtu mtanashati, kaunda suti imepigwa pasi mpaka inakata, na alikuwa na tabia ya kuongea huku akijitazama kwenye kioo cha kabati. "Hadija, tutafanya halaiki. Watoto wakae uwanjani wawe nyota, ncha tano, vitambaa mkononi. Wewe ndiye mwenye maduara yako. Nifanyie nyota." Nilifurahi, sifichi. Niliona kwamba uwanja mzima umekuwa ubao wangu. Vipindi vikafutwa, historia na kilimo vikaliwa, na tukatoka nje na kamba za katani.

Siku ya kuitafuta nyota ile ndiyo siku niliyofundisha vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Tulipigilia kipande cha bomba la chuma katikati ya uwanja, mpaka kikazama ardhini, tukazungusha kamba tukapata duara. Sasa, kuligawa sawasawa mara tano, kwa kitu gani? Nikawaambia watoto wakisie. Wakakata kamba, wakaipima kuzunguka duara mara tano, mara ya tano ikavuka pale walipoanzia. Wengine wakasema ipunguzwe kidogo, wengine kidogo zaidi, kelele kama mnadani. Chiku akapiga magoti penye ile nafasi iliyozidi, akaipima kwa kijiti. "Mwalimu, tumekosea mara tano. Basi iliyozidi tuigawe kwa tano, kamba tuipunguze kipande kimoja." Tukakata. Tukazunguka tena, na kamba ya tano ikafika kwenye kigingi cha kwanza kama mtu aliyerudi nyumbani kwake. Watoto walipiga kelele mpaka mwuza kahawa wa barabarani akaja kuangalia kuna nini. Mwalimu Sadiki alikuwa ofisini. Hakutoka.

Uwanja ule haukuwa wetu peke yetu. Jioni vijana wa mtaani walicheza mpira, asubuhi mbuzi walipita, na alama zetu za chokaa zililala nzima zikaamka nusu. Kwa hiyo niliweka sheria. Kila ncha ina kiongozi, na kila kiongozi ana kamba yake. Akifika asubuhi asiiamini chokaa. Apime kutoka kitovuni, kwenye lile bomba, apime na kutoka kwa jirani yake, akikuta alama imepotoka airudishe mahali pake, ndipo awapange watu wake. Wakawa wanafanya hivyo kila siku bila kukumbushwa, na ncha ya mbali kabisa, inayoelekea ua la minyaa, kiongozi wake alikuwa Chiku. Mtaniona mwehu, lakini niliwatazama watoto wale asubuhi na kamba zao, miguu peku kwenye umande, wanabishana habari ya nusu kipenyo, nikasema moyoni kama huku ndiko kujitegemea wanakokuimba redioni, basi na mie nimo.

Siku moja kabla ya sherehe akaja bwana mmoja kutoka juu, mkuu wa sherehe, miwani myeusi, kalamu nne mfukoni. Jukwaa la mapipa na mbao lilikuwa limekwisha kupambwa kwa makuti na khanga. Akapanda, akasimama penye kiti cha mgeni, akatazama watoto waliochuchumaa juani. "Ndugu mwalimu," akasema, maana enzi zile kila mtu alikuwa ndugu, hata anayekukanyaga, "nyota yenu imelala." Nikamweleza kwa adabu kwamba haijalala. Kitu kilicho chini ukikitazama kwa upande lazima kifupike, hata mkeka ukiuangalia kutoka mlangoni unaonekana mfupi. Apande juu ya paa la darasa ataiona ilivyo. "Mgeni wa heshima hatapanda paani," akasema. "Ivuteni ile ncha ya kule mwisho, iende mbali mpaka kutoka hapa ionekane sawa." Nikauliza, na wazazi watakaoketi kule ng'ambo, juu kwenye mwinuko, wataona nini? Wao ndio waliojenga hayo madarasa. Wataona nyota iliyovutwa kama tambi. Akavua miwani ili anitazame vizuri. "Wazazi hawaji kuangalia nyota, ndugu. Wanakuja kupiga makofi."

Mwalimu Sadiki alicheka kile kicheko chake cha wakubwa. "Itavutwa, ndugu, usijali." Bwana yule alipoondoka na watoto walipotawanyika, nikamfuata. Nikamwambia mie sitawapanga watoto hivyo. Nimewafundisha kwamba ncha zote zina umbali mmoja kutoka kitovuni, na wiki chache zijazo wataulizwa hilohilo kwenye mtihani. Leo niwaambie umbali unategemea aliyeketi kitini? Akajitazama kwenye kioo cha kabati. "Hadija, wewe bado mtoto. Kesho hutakuwa uwanjani. Utasimamia chai ya wageni." Nikaondoka nimefura, nikala wali wa Bi Tatu bila kujua ninachokula. Nilichokuja kukijua baadaye ni kwamba jioni ile alirudi uwanjani mwenyewe na mtunza shule na ndoo ya chokaa, wakaisogeza ncha ya mbali mpaka karibu na minyaa. Na hakumwambia mtoto hata mmoja. Wala hakunituma mie niwaambie. Alidhani mtoto ukimchorea alama anasimama pale kama kigingi.

Sherehe niliiona kupitia mlango wa jiko, sambusa mkononi. Watoto wakaingia kwa mchakamchaka na nyimbo, vumbi linatimka, wazazi ng'ambo wanapiga vigelegele. Ncha nne zikasimama juu ya chokaa nene mpya. Ncha ya tano ikachelewa kidogo, nikaona watu wanarudi ndani, upande wa kitovu, wanajipanga upya. Kisha vitambaa vikainuliwa, na kutoka ng'ambo kwa wazazi ukatoka ukelele ambao sijausahau, kwa sababu wao waliiona nyota. Nyota safi, ncha tano, haina kasoro. Kutoka jukwaani bila shaka ilikuwa imebonyea, tena zaidi ya jana, maana pale minyaani palibaki chokaa tupu bila mtu. Mkuu wa sherehe alisimama, akaketi, akasimama tena. Na mgeni wa heshima? Wallahi naapa, mgeni wa heshima alikuwa anakunywa dafu na kumnong'oneza jirani yake. Aliposikia wazazi wanashangilia akapiga makofi na yeye. Hakuiona nyota iliyolala wala iliyosimama.

Ofisini baadaye nilimkuta Chiku amesimama mbele ya mabwana wawili, chokaa imemganda vidoleni mwa miguu. "Nani alikutuma uharibu halaiki?" mkuu wa sherehe alikuwa anauliza. "Hujuma hii! Mtoto amefundishwa!" Chiku hakuelewa hata neno lenyewe. "Nilikuta chokaa imekosewa," akasema. "Nikadhani ni watu wa mpira. Nikapima nikairudisha. Ndivyo tunavyofanya kila siku." Alisema kwa sauti ya mtoto anayetegemea kusifiwa. Hilo ndilo linaloniua mpaka leo. Hakuwa amebisha, hakuwa ameasi, hakujua kwamba kuna kitu cha kuasiwa. Alitii kuliko wote uwanjani pale. Nikasema, "Mimi ndiye niliyewafundisha kutoiamini chokaa. Mwenye adhabu ni mie." Halafu nikamtazama Mwalimu Sadiki. Alitakiwa kusema sentensi moja tu: chokaa niliisogeza mimi, watoto sikuwaambia. Sentensi moja, na mambo yote yangekuwa kicheko. Alirekebisha kola yake. "Mtoto huyu ana kiburi cha siku nyingi," akasema. "Kuanzia leo namsimamisha shule." Kisha akanigeukia kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. "Mwalimu Hadija, chai ya wageni imekwisha?"

Kesho yake nilimwendea na hasira zangu zote, akanipokea kwa upole mpaka nikaona aibu. Alinivutia kiti. "Nisikilize, dada yangu. Kelele za wakubwa ni kama mvua ya Dar, inanyesha Temeke Kinondoni kukavu, na kesho imehama. Acha ipite. Mtoto akae nyumbani, asionekane onekane, na siku ya mtihani atakuja atakaa atafanya. Naapa kwa Mungu mmoja." Nikamwamini. Ningefanyaje? Alikuwa mwalimu mkuu, amemtaja Mungu, na mie nilitaka kuamini. Nikalipeleka neno lile nyumbani kwa Bi Tatu kama mtu aliyebeba moto kwenye kifuu. Mzee Rajabu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kama mwalimu kasema, basi." Shangazi alipokuja Ijumaa na maneno yake nikamsikia kaka yake, juu ya ukuta, anamwambia, "Mwalimu kasema atafanya mtihani. Yamekwisha."

Tukasoma uani, kila alasiri, juu ya mchanga. Bi Tatu anakuna nazi, sisi tunachora. Mzingo, eneo, pembe za ndani, pembe za nje. Bi Tatu alikuwa akituvuka na kikapu chake, amenyanyua khanga, anachagua pa kukanyaga. "Niambieni nisije nikamkanyaga huyo pembetatu wenu." Jioni Mzee Rajabu akirudi kutoka bandarini anasimama mlangoni, anatazama michoro mpaka maji yake ya kuoga yanapoa. Mie nilimwona mtoto yule anaota mabawa mbele yangu, maswali ya darasa la saba aliyamaliza, nikamletea ya kidato cha kwanza. Kama kungekuwa na haki ya robo kibaba, watu wangekuja kumchukua nyumbani.

Asubuhi ya mtihani Bi Tatu alichemsha yai moja, akampa Chiku peke yake, wadogo zake wakatazama pembeni kwa adabu. Sare ilipigwa pasi ya mkaa. Tulikwenda pamoja, yeye mbele, mie nyuma. Mlangoni mwa darasa alisimama Mwalimu Sadiki na msimamizi mgeni. Chiku akapiga goti kidogo. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba," akaitikia, kama kawaida. Kisha akanishika mkono akanivuta kando. "Hadija, haiwezekani. Wilayani wanajua ameacha shule." Nikamuuliza nani kawaambia. "Mimi. Ningefanyaje? Yule bwana alitaka kujua hatua gani imechukuliwa." Nikamuuliza lini. Akatazama viatu vyake. "Siku ileile ya sherehe." Siku ileile! Kumbe aliponivutia kiti na kumtaja Mungu alikuwa ameshamaliza. Alikuwa ananinyamazisha tu, mpaka siku yenyewe ipite. Nilimwita mwongo mbele ya msimamizi na mbele ya darasa, kwa sauti ambayo sikuijua kama ninayo, na ndiyo sababu Januari nilijikuta nimehamishiwa Wazo, penye kiwanda, nafundisha kwenye vumbi la saruji. Yeye ndani ya mwaka alipanda cheo. Chiku alipewa mume wa Rufiji, akapelekwa huko, na mie sikumwona tena. Siku hizi watu wananiambia, mama, samehe, uzee si wa kubeba vitu vizito. Nawauliza, aliyetakiwa kuomba msamaha aliomba? Kwenye ule wasifu wake mliusikia? Basi niacheni na mzigo wangu, nimeuzoea.

Lakini alasiri ya siku ile ya mtihani Chiku bado alikuwapo, amekaa uani na sare yake, hajaivua. Ndani chumbani kwa mama yake kulikuwa kunanukia ubani. Shangazi alikuwa amekwisha kufika na mkeka mpya na kungwi wa kutoka Mbagala, na Mzee Rajabu alikuwa ametoka nje akaketi barazani ametupa mgongo. Wenzake Chiku wakapita wakitoka mtihanini. Karatasi hawakuruhusiwa kutoka nazo, lakini maswali walikuwa nayo kichwani, wakamsomea moja moja, huyu anakumbuka hili, yule lile, wakamchorea mchangani. La mwisho lilikuwa la duara ndani ya mraba, eneo linalobaki kwenye kona. Wote walikuwa wamelikosa, wanabishana. Chiku akachukua kijiti. Akapiga mstari, akafikiri, akafuta kwa kiganja, akapiga mwingine. Alimaliza maswali yote ya maumbo, moja baada ya jingine, uani kukajaa michoro, na mie nimechuchumaa nafuata kila hatua natafuta kosa.

Wenzake walipokwenda zao akaniuliza, "Mwalimu, nimepata ngapi?"

"Zote," nikamwambia. "Umepata zote, Chiku."

Akaitazama ile michoro, kisha akanitazama mie, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeuliza swali la kawaida kabisa. "Sasa tumpelekee nani?"

Shangazi akaita kutoka ndani, "Chiku! Njoo, mama, jua linazama." Akaniwekea kijiti mkononi, akajifuta mchanga kwenye magoti, akaingia.